Roosevelt: Mpenda bunduki aliyestaajabia mkuki

MSAFIRI anayetoka Keroka kuelekea Sotik hupitia Chepilat, kituo cha biashara kilicho mpakani mwa kaunti za Nyamira na Bomet. Huku na huko macho yake hukutana na kijani kibichi cha majani chai, ng'ombe wa maziwa na vilima visivyokwisha. Si rahisi kwake kusadiki kwamba zaidi ya karne moja iliyopita jina la Sotik lilivuma hadi New York na London, si kwa sababu ya chai, bali kwa sababu ya simba, vifaru na bunduki za mgeni mmoja mashuhuri.

Mgeni huyo alikuwa Theodore Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani, aliyekuwa ametoka Ikulu miezi mitatu tu kabla ya kufika huko. Sotik aliyoizungumzia haikuwa mji wa leo pekee. Wazungu wa enzi hizo waliliita kwa jina hilo eneo pana lililojumuisha nyika za mashariki, kuelekea Mto Ewaso Nyiro wa kusini, ambazo sasa zimo katika kaunti ya Narok. Huko ndiko alikopiga kambi zake mnamo Juni 1909, akiwa na mwanawe, kundi la wataalamu wa viumbe, mamia ya wapagazi na shehena ya silaha zilizochaguliwa kwa uangalifu mkubwa.

Bunduki hizo bado zinatajwa kwa heshima na wakusanyaji wa silaha za kale duniani. Moja yazo iliwahi kuuzwa kwa bei ambayo ingetosha kununua shamba kubwa la chai. Hata hivyo, maisha ya mwenyewe yanaonyesha kuwa kupenda bunduki na kupenda viumbe vinavyopigwa kwa bunduki hizo kulikaa ndani ya kifua kimoja, na mpaka kifo chake mambo hayo mawili hayakupatanishwa kikamilifu.

Roosevelt alizaliwa jijini New York mnamo Oktoba 27, 1858 katika familia tajiri. Utajiri huo haukumkinga na maradhi. Alikuwa mtoto dhaifu, aliyesumbuliwa na pumu usiku kucha, na wazazi wake walihofia kuwa hangefikia utu uzima. Kwa kuwa hakuweza kushindana na watoto wenzake michezoni, alijizamisha katika vitabu vya wanyama na wasafiri.

Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, aliona sokoni mzoga wa sili, yule mnyama wa baharini mwenye mwili wa mafuta. Alimrudia siku baada ya siku, akampima na kuandika vipimo vyake. Hatimaye alipata fuvu lake, akalifanya msingi wa jumba la makumbusho ambalo yeye na binamu zake walilianzisha chumbani. Hapo ndipo ulipoanzia ule uraibu wa kukusanya uliomwandama maisha yake yote.

Mnamo 1872 baba yake alimpa zawadi iliyobadilisha mambo. Ilikuwa bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, iliyotengenezwa Ufaransa kwa mtindo wa Lefaucheux. Kijana aliipokea kwa furaha, lakini kila alipokwenda kuwinda ndege na wenzake, wao walipiga na yeye akakosa. Wenzake walifyatulia vitu ambavyo yeye hakuviona kabisa. Siku moja marafiki zake walisoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa kwenye bango la mbali, naye akang'amua kwamba hakuweza hata kuona kuwa palikuwa na herufi.

Baba yake alimnunulia miwani. Kwa mara ya kwanza kijana huyo aliuona ulimwengu jinsi ulivyo. Ndege wa juu mitini, ambao hapo awali aliwatambua kwa sauti tu, sasa aliwaona kwa rangi zao. Kwa namna ya ajabu, ni bunduki iliyomfunulia upofu wake.

Katika kipindi hicho alifunzwa kuchuna, kuhifadhi na kujaza ngozi za wanyama na John Bell, mzee aliyewahi kusafiri na John James Audubon, mchoraji maarufu wa ndege. Majira ya baridi ya 1872 na 1873 familia ilisafiri kwa mashua katika Mto Nile nchini Misri. Kijana Theodore alitumia bunduki yake kukusanya ndege, akiandika jina, mahali na tarehe ya kila mmoja. Baadhi ya ndege hao waliishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mara ya kwanza alipofyatua risasi barani Afrika, basi, hakuwa rais mstaafu bali mvulana mwenye miwani.

Alisomea Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu mnamo 1880 na mwaka huo huo akamwoa Alice Hathaway Lee. Alijitosa katika siasa za jimbo la New York akiwa kijana mbichi. Kisha msiba ukabisha hodi. Mnamo Februari 14, 1884 mamake mzazi na mkewe walifariki siku moja, katika nyumba moja. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku mbili tu zilizotangulia.

Akiwa ameelemewa na huzuni, Roosevelt alikimbilia magharibi, katika eneo la Dakota ambako alikuwa amenunua ranchi. Alichunga ng'ombe, akalala nje na kuwinda. Huko ndiko alikozoea bunduki za Winchester, ambazo mwindaji hupakia risasi mpya kwa kuvuta wenzo ulio chini ya kifyatulio. Alikuwa na fedha za kuagiza bunduki yenye nakshi na kitako kilichochongwa kwa ubora, lakini hakuzinunua za kupamba ukuta. Alizitumia mvuani na vumbini, akazikwaruza na kuzijua kama mkulima anavyolijua jembe lake.

Ni katika miaka hiyo pia alipoanza kuona gharama ya bunduki. Nyati wa Marekani, waliokuwa wakihesabiwa kwa mamilioni, walikuwa karibu kumalizwa na wawindaji wa ngozi. Alipokwenda kuwinda nyati wake wa kwanza mnamo 1883, ilimbidi atafute kwa siku nyingi kabla ya kumpata. Alimuua na kufurahia. Miaka minne baadaye alishirikiana na mwandishi na mhifadhi George Bird Grinnell kuunda Klabu ya Boone and Crockett, chama cha wawindaji waliotaka sheria za kulinda wanyamapori. Wakosoaji waliona kejeli hapo. Yeye aliona kwamba mwenye kupenda kuwinda ndiye wa kwanza anayepaswa kuhakikisha wanyama hawaishi.

Jina lake lilipaa wakati wa vita kati ya Marekani na Uhispania. Mnamo Julai 1, 1898 aliongoza kikosi cha kujitolea kupanda vilima vya San Juan nchini Cuba, risasi zikimiminika. Mkononi alikuwa na bastola aina ya Colt iliyoopolewa kutoka kwa manowari Maine, iliyolipuka na kuzama bandarini Havana Februari mwaka huo. Alikuwa amepewa na shemeji yake aliyekuwa afisa wa jeshi la majini. Bastola hiyo iliibwa kutoka nyumba yake ya kumbukumbu mnamo 1990, na haikupatikana hadi 2006.

Miaka mitatu baada ya vita hivyo, Septemba 1901, Rais William McKinley alipigwa risasi na kufariki. Roosevelt, aliyekuwa makamu wake, akawa rais akiwa na umri wa miaka 42, mdogo kuliko yeyote aliyewahi kushika wadhifa huo. Bunduki ilikuwa imemfungulia mlango wa Ikulu kwa njia ambayo hakuna angeiombea.

Mwaka uliofuata alialikwa kuwinda dubu katika jimbo la Mississippi. Kiongozi wa msafara alikuwa Holt Collier, Mwafrika Mmarekani aliyezaliwa utumwani na ambaye ujuzi wake wa kuwinda dubu haukuwa na mfano. Collier alimnasa dubu akamfunga mtini, kisha rais akaitwa aje ampige risasi. Roosevelt alikataa, kwa kuwa aliona ni aibu kumpiga mnyama aliyefungwa. Mnyama mwenyewe alikuwa amejeruhiwa vibaya, hivyo aliagiza auawe kwa kisu ili kumwondolea mateso. Magazeti yalichora katuni, na wenye maduka wakaanza kuuza dubu wa kuchezea waliopewa jina lake la utani, Teddy. Ulimwengu ulimkumbuka rais aliyemhurumia dubu. Ni wachache waliomkumbuka Collier, na wachache zaidi waliouliza dubu aliishia vipi.

Akiwa rais, Roosevelt alitenga takriban ekari milioni 230 za ardhi ya umma kuwa misitu, mbuga na hifadhi, zikiwemo hifadhi 51 za ndege. Alipatanisha Urusi na Japan, na mnamo 1906 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wakati huo huo aliendelea kupenda mapigano. Katika mchezo wa ndondi ndani ya Ikulu alipigwa ngumi iliyomharibu jicho la kushoto, na hatimaye jicho hilo likapofuka. Siri hiyo aliificha kwa miaka mingi. Kwa hivyo, mtu aliyekuja Afrika Mashariki kuwinda simba alikuwa akitegemea jicho moja lenye kuhitaji miwani.

Maandalizi ya safari hiyo yalianza mnamo 1908, kabla hajaondoka madarakani. Wanaopenda silaha za kale huyasoma kama wengine wanavyosoma riwaya. Aliandikiana barua na kampuni ya Winchester kuhusu urefu wa vitako na aina ya vilengeo, akiagiza bunduki za modeli ya 1895, iliyobuniwa na fundi John Browning. Aliyoipenda zaidi ni ile ya risasi nzito ya .405, ambayo aliiamini kuwa dawa ya simba. Alikuwa pia na Springfield ya kijeshi ya .30, iliyorekebishwa kitako na vilengeo vyake ili vimfae.

Kutoka Uingereza alipokea zawadi ya bunduki ya mitutu miwili iliyotengenezwa na Holland & Holland, yenye nguvu za kumwangusha ndovu. Waliochanga fedha za kuinunua walikuwa zaidi ya watu 50, wakiwemo wataalamu wa wanyama na wawindaji, waliotaka kumshukuru kwa juhudi zake za uhifadhi. Naye Ansley Fox, mtengenezaji wa bunduki wa Philadelphia, alimpa bunduki ya marisau yenye nakshi, ambayo Roosevelt aliisifu mno.

Ili kuelewa mapenzi hayo, ni vyema kukumbuka zama zenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi wa bunduki walikuwa katika kilele cha ustadi wao. Hata bunduki ndogo za kujifurahisha zilitengenezwa kwa usahihi wa saa. Mnamo 1905 kiwanda cha BSA mjini Birmingham kilianza kutengeneza bunduki za upepo kwa ubunifu wa Lincoln Jeffries. Ndani yake mlikuwa na springi ambayo mtumiaji aliikaza kwa wenzo. Kifyatulio kilipovutwa, springi iliisukuma pistoni, pistoni ikaibana hewa, na hewa ikakirusha kipande kidogo cha risasi ya timbi kuelekea shabaha. Wafanyakazi walishindana nazo jioni katika vilabu, wakilenga shimo dogo lenye kengele nyuma yake. Hakuna kilichokufa, na furaha ya mkono, jicho na chuma kutii kwa pamoja ilikuwa ile ile. Leo bunduki hizo zina wakusanyaji wake, wanaozitia mafuta na kuzilinganisha namba kwa namba.

Lakini huku kwetu mwaka huo wa 1905 unakumbukwa kwa bunduki za aina nyingine. Serikali ya mkoloni ilituma kikosi cha kuwaadhibu Wakipsigis wa Sotik, kwa sababu walikuwa wamewavamia Wamaasai na kukataa kurejesha walichoteka. Kikosi hicho kilikuwa na bunduki ya rashasha ya Maxim. Wenyeji walikuwa na ngao, mikuki na mishale. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, na muda si mrefu sehemu ya ardhi yao ikaanza kugawiwa walowezi. Mwaka huo huo, Oktoba 19, kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa kwa risasi na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Upinzani wa Wanandi uliodumu muongo mmoja ukazimwa.

Miaka minne tu baadaye, Aprili 21, 1909, Roosevelt alishuka Mombasa. Alipanda reli kuelekea bara, akiwa ameketi kwenye kiti kilichowekwa mbele ya garimoshi ili aone wanyama vizuri, hadi kituo cha Kapiti. Huko kulikuwa na hema zilizopangwa kwa safu na zaidi ya wapagazi 200 wakimsubiri. Miongoni mwa mizigo kulikuwa na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi, pamoja na maktaba ndogo ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho na vumbi.

Safari hiyo ilidhaminiwa na Taasisi ya Smithsonian ya Washington, iliyokuwa ikijenga jumba jipya la makumbusho. Wataalamu watatu, Edgar Mearns, Edmund Heller na Alden Loring, walifuatana naye kukusanya kila aina ya kiumbe, kuanzia panya hadi ndovu. Kermit, mwanawe mwenye umri wa miaka 19, alichukua likizo ya chuo kikuu ili awe mpigapicha na mwindaji.

Baada ya kuwinda katika nyika za Athi, msafara uliondoka Kijabe mnamo Juni 5 kuelekea Sotik. Njiani kulikuwa na eneo kame lisilo na maji. Magari ya kukokotwa na maksai yalibeba mapipa ya maji, na msafara ukatembea usiku ili kuepuka jua. Upande wa pili kulikuwa na nyika iliyojaa nyumbu, nyamera, pofu, punda milia, vifaru na simba. Bunduki zilinguruma, ngozi zikachunwa na kutiwa chumvi, na daftari zikajazwa vipimo.

Nyuma ya kila risasi kulikuwa na watu wasiohesabiwa katika picha nyingi. Kazi ya mbeba bunduki haikuwa ya mzaha. Alitembea hatua moja nyuma ya mwindaji, akibeba silaha nzito, akitazama nyasi kwa macho makali kuliko ya bwana wake. Mnyama alipogeuka na kushambulia, alipaswa kusimama imara na kumkabidhi mwindaji bunduki ya pili badala ya kutimua mbio. Jioni, wengine walipoketi kando ya moto, yeye alisafisha mitutu na kupangusa vumbi. Roosevelt aliwataja watu wake kwa majina katika kitabu chake cha safari: Muhamed na Bakari waliombebea bunduki mwanzoni, na Juma Yohari na Kasitura waliokuwa pia katika kazi hiyo. Kwa rais aliyekuwa na jicho moja zima, macho ya watu hao yalikuwa sehemu ya silaha zake.

Wapagazi nao walimwita Bwana Mkubwa. Kila mmoja wao alibeba kichwani mzigo wa ratili 60 hivi, siku baada ya siku. Roosevelt aliwasifu kwa uchangamfu na uvumilivu wao, ingawa aliwaona kwa jicho la Mzungu wa zama zake, kama watu waliohitaji kulelewa na kutawaliwa. Aliunga mkono walowezi waziwazi na kuamini kwamba nyanda za juu zilifaa kuwa nchi ya Wazungu. Hilo nalo ni sehemu ya maisha yake, na haliwezi kupanguswa kama vumbi la mtutu.

Mwishoni mwa 1909 alikuwa Uasin Gishu, karibu na Sergoi, alipoalikwa kutazama Wanandi wakimwinda simba. Wawindaji walikuja wakiwa na ngao na mikuki mirefu. Roosevelt na Wazungu wenzake walisaidia kumtafuta simba kwa farasi, kisha wakakaa kando. Simba dume mwenye shungi kubwa alizingirwa. Wanandi walimkaribia polepole kwa duara, wakipiga magoti nyuma ya ngao huku duara likizidi kubana. Simba alipochagua mahali pa kuvunjia, alimrukia mmoja wao na kumjeruhi, lakini mikuki ilikuwa tayari imempitia mwilini. Pambano lilimalizika kwa muda mfupi kuliko ule wa kupakia bunduki mara chache.

Mtu huyu aliyewahi kuua simba kwa bunduki bora kuliko zote alishikwa na mshangao. Aliandika juu ya tukio hilo kwa sifa ambazo hakuzimwagia silaha zake zozote. Simba aliyepigwa kwa risasi hakuwa na nafasi kubwa ya kumfikia mwindaji wake. Simba aliyekabiliwa kwa mkuki alikuwa na nafasi hiyo, na kila aliyesimama katika duara alilijua hilo. Miongoni mwa wawindaji hao bila shaka walikuwemo waliokumbuka vyema mwaka wa 1905. Ujasiri ambao serikali ya mkoloni ilikuwa imeuvunja kwa Maxim miaka minne kabla, sasa ulikuwa ukionyeshwa kwa mgeni wa heshima kama tamasha.

Msafara uliendelea hadi Uganda, kisha katika eneo la Lado kando ya Mto Nile. Huko Roosevelt alitafuta kifaru mweupe, mnyama ambaye hata wakati huo alijulikana kuwa adimu. Yeye aliwaua watano, na Kermit wanne. Waliohesabu walihesabu kwa fahari, kwani majumba ya makumbusho yalimtamani mnyama huyo. Alikuwa kifaru mweupe wa kaskazini. Mnamo Machi 19, 2018, Sudan, dume wa mwisho wa jamii hiyo, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, na kuacha majike wawili pekee. Si haki kumbebesha Roosevelt lawama ya kuangamia kwao, kwa kuwa walimalizwa na majangili na vita vya miongo iliyofuata. Lakini ni vigumu kuisoma hesabu hiyo ya tisa leo bila moyo kusita.

Safari ilikamilika Khartoum mnamo Machi 1910. Roosevelt na mwanawe walikuwa wamewapiga risasi wanyama 512, yeye 296 na Kermit 216. Kwa jumla, msafara ulipeleka Washington takriban vielelezo 11,400 vya wanyama, wakiwemo ndege na samaki. Wataalamu wangali wanavitumia kuchunguza jinsi viumbe wa Afrika Mashariki walivyobadilika. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, akiwa njiani kurudi nyumbani, alisimama mbele ya hadhara nchini Norway kutoa hotuba yake ya Tuzo ya Nobel ya Amani.

Bunduki haikuwa imemalizana naye. Mnamo Oktoba 14, 1912, akiwania urais tena kupitia chama kipya, alipigwa risasi kifuani mjini Milwaukee na mtu aliyekuwa na matatizo ya akili. Risasi ilipitia kwenye hotuba yake ya kurasa 50 iliyokuwa imekunjwa mfukoni, pamoja na kibweta cha chuma cha miwani yake. Vitu hivyo vilipunguza nguvu zake. Roosevelt alipanda jukwaani akivuja damu na kuhutubia kwa zaidi ya saa moja kabla ya kukubali kupelekwa hospitalini. Madaktari waliamua kuiacha risasi mwilini mwake. Miwani aliyopata kwa sababu ya bunduki ilimwokoa kutokana na bunduki.

Alishindwa katika uchaguzi huo. Mnamo 1914 aliongoza msafara katika mto usiojulikana nchini Brazil, ambao nusura umuue kwa homa na jeraha la mguu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alipigia debe Marekani ijiunge, na wanawe wote wanne wakavaa sare. Kitinda mimba, Quentin, rubani wa ndege za kivita, aliangushwa na kuuawa nchini Ufaransa mnamo Julai 14, 1918. Waliomfahamu baba huyo walisema hakuwa yule yule tena. Alifariki usingizini nyumbani kwake Sagamore Hill, New York, mnamo Januari 6, 1919, akiwa na umri wa miaka 60. Alizikwa na ile risasi ya Milwaukee ingali kifuani.

Bunduki zake zilitawanyika. Nyingine zimo katika majumba ya makumbusho, nyingine mikononi mwa wakusanyaji. Ile ya marisau aliyopewa na Fox iliuzwa mnadani Marekani mnamo 2010 kwa dola 862,500. Chuma na mbao pekee havingefikia bei hiyo. Kilichonunuliwa ni mkono ulioishika, na vumbi la nyika iliyopita.

Nyika yenyewe imebadilika. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa aina hiyo mnamo 1977. Katika vilima vinavyozunguka Chepilat hakuna kifaru wala simba, na walio na kumbukumbu za 1905 ni wajukuu na vitukuu waliosimuliwa na wazee wao. Bunduki ya Fox ina nambari, nakshi na historia iliyoandikwa hatua kwa hatua, kutoka kiwandani hadi mnadani. Muhamed, Bakari, Juma Yohari na Kasitura, waliozibeba na kuzipangusa bunduki hizo kila jioni, wamebakiwa na majina yao katika kurasa chache za kitabu cha bwana wao.

Nao Wanandi wa Sergoi, ambao mikuki yao ilimfanya mpenda bunduki mashuhuri kuliko wote akae kimya juu ya farasi na kutazama, walichukua silaha zao na kurudi makwao.